Nyota, ndege au afya: kijana wa Kilifi anayetaka kushiriki utafiti aanzie wapi?

Mpwa wangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu hapo yuko nyumbani upande wa Ganze akisubiri mambo ya chuo. Wiki kadhaa zilizopita alishuka mjini, akaja kwangu jioni. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Akakaa barazani, akanywa chai yake yote bila kusema lolote, kisha akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa na maneno matatu: nyota, ndege, magonjwa.

"Nataka kufanya utafiti, mjomba, lakini sitaki kungoja mpaka niwe na digrii. Hapa nishike lipi?"

Nilicheka, wala si kwa kumdharau. Nilicheka kwa sababu hakujua amezaliwa wapi. Kilifi inajulikana kwa minazi, korosho na hoteli, ila yote matatu ya karatasi ile yana kisa hapa hapa kauntini. Setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi moja tu ya kupima eksirei zitokazo angani ilirushwa mbele ya Ngomeni. Kuna ndege ambaye makao yake yanayojulikana ni misitu ya kaunti hii na si kwingineko. Na kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome la Uingereza, kilichoanza mjini Kilifi mwaka 1989, hakikosi kutajwa malaria ya Afrika inapozungumzwa.

Nimeandika hapa niliyomwambia usiku ule, pamoja na niliyoyakumbuka baada ya yeye kulala. Silinganishi ni elimu ipi kubwa kuliko nyingine. Huo ni ubishi wa kijiweni. Nalinganisha jambo moja: mtu mwenye simu, muda, na nauli ya kuhesabu, asiye na cheti cha chuo, kazi yake ina uzito wapi?

Nyota

Tuanze na Ngomeni, kwa kuwa kisa chenyewe ni kitamu. Tarehe 12 Desemba 1970 Kenya ilikuwa ikisherehekea miaka saba ya uhuru. Siku hiyo, kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini kwa miguu ya chuma, roketi ya Kimarekani ilipanda na setilaiti ndogo. Setilaiti ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku yenyewe. Mahali pale hapakuchaguliwa ovyo: karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisukuma roketi bure, na upande wa mashariki ni bahari tupu, kikianguka kitu hakimwangukii mtu. Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo ni Cygnus X-1, ambacho wanafalaki walikuja kukikubali kuwa ni shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hautoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Mpwa wangu macho yakamtoka. "Kumbe sisi ni watu wa anga!"

Nikamwambia polepole. Wavuvi wa Ngomeni waliona moto na moshi. Data ilikwenda Marekani. Roketi ya mwisho iliruka pale mwaka 1988. Kuvua samaki karibu na jukwaa hakukumfanya mtu kuwa mwanafalaki, na elimu hii bado iko hivyo: mahali ulipo si hoja kubwa. Hilo lina uzuri wake na ubaya wake.

Uzuri ni kwamba mlango uko wazi kwa kila mtu. Mwaka 2007 wanafalaki walikuwa na picha za galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, karibu milioni moja, zilizopigwa na darubini iliyoko New Mexico, Marekani, na hawakuwa na macho ya kutosha kuzitazama. Wakaziweka mtandaoni, wakauita mradi Galaxy Zoo, wakaomba msaada. Katika mwaka wa kwanza yalipatikana majibu zaidi ya milioni 50, kutoka kwa watu zaidi ya laki moja na nusu.

Kazi yenyewe ni hivi. Unafungua simu, inakuja picha ya kitu kama tone la maziwa lililoangukia masizi. Unaulizwa: ni duara laini, au ni kama sahani? Kama ni sahani, ina mikono iliyojisokota? Mingapi? Unagusa jibu, inakuja nyingine. Usiku wa kwanza nilifanya hamsini hivi nikajiona bingwa. Usiku wa pili nilikuwa nasinzia kwenye ya kumi. Picha moja huonyeshwa watu wengi na majibu yao hujumlishwa, kwa hiyo ukikosea wewe, wenzako wamekufunika. Gharama ni bando lako na Kiingereza chepesi.

Wala usidhani ni kazi ya punda tu. Mwaka huo huo wa 2007 Hanny van Arkel, mwalimu wa shule kule Uholanzi, aliona wingu la ajabu kando ya galaksi moja, akauliza ni nini. Hakuna aliyekuwa na jibu. Baadaye ikaonekana ni gesi iliyomulikwa na kiini cha galaksi ile wakati kilipokuwa kikali, na mwanga wake bado unatufikia ingawa kiini chenyewe kimefifia. Leo wingu lile lina jina la mwalimu yule. Washiriki wengine waliokota vitu vidogo vya kijani wakavibandika jina la njegere. Vikawa ni aina ya galaksi ndogo zinazozaa nyota kwa kasi kubwa.

Kuna njia nyingine isiyohitaji hata bando. Chama cha AAVSO cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1911, hukusanya vipimo vya nyota zinazobadilika mwanga, na baadhi hupimwa kwa macho matupu: unailinganisha nyota yako na jirani zake ambazo mwanga wao unajulikana, unaandika tarehe, saa na namba. Nyota nyekundu ya Betelgeuse ilipofifia mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020, mtu wa kawaida aliyeizoea aliweza kuliona badiliko hilo akiwa uani kwake. Hapa sisi tuna bahati. Tuko nyuzi tatu na ushei kusini ya ikweta, na karibu anga yote hutupitia juu katika mwaka. Mtu wa London hawezi kuuona Msalaba wa Kusini akiwa kwao hata apande juu ya paa.

Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa haya. Walikitazama kilimia na kujua lini walime: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na kila mwaka Pwani nzima husimama ufukweni kuutafuta mwezi mwandamo. (Ila ukianza kazi hii jiandae. Ukisema unasoma nyota, jirani ataleta mkono umtazamie ndoa. Mwambie hii ni falaki, si unajimu. Hatakuamini, lakini umemwambia.)

Sasa ubaya. Kwenye galaksi zile, ukilala usiku wa leo, picha yako itatazamwa kesho na mtu wa Poland, wala hakuna atakayejua kwamba hukuwepo. Isitoshe, kompyuta zimefundishwa kwa majibu ya watu hao hao, na sasa huchambua sehemu kubwa ya picha zenyewe. Anayetaka raha ya kuona kitu ambacho pengine hakijatazamwa na mtu, aende. Anayetaka kazi ambayo bila yeye haifanyiki, asome mbele.

Ndege

Huku mambo ni kinyume kabisa. Mahali ulipo ndiyo mali yako.

Tangu mwaka 2013 kuna mradi uitwao Kenya Bird Map. Nchi nzima imegawanywa kwa miraba yenye upande wa kilomita tisa hivi. Unachagua mraba, unatembea na kusikiliza kwa angalau saa mbili, ukijitahidi kupita kila aina ya mazingira yaliyomo: shamba, kichaka, bwawa, kando ya barabara. Unaandika kila aina ya ndege kwa mpangilio uliomwona au kumsikia, na orodha hiyo unaweza kuiongezea kwa siku tano. Programu inayotumika, BirdLasser, haina malipo, na inanasa mahali ulipo hata kama hakuna mtandao. Ukirudi penye mtandao unaituma.

Saa mbili zinasikika kidogo. Jaribu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlangoni kwa dada yangu kule Ganze, katika robo saa ya kwanza unaandika hadi mkono unachoka: shorewanda wanagombana kwenye mwarobaini, pugi, kwenzi, chozi dume anang'aa kama sarafu mpya juu ya ua la mgomba, hondohondo wawili wanapita kwa mruko wao wa kupanda na kushuka. Halafu kimya. Saa mbili asubuhi jua limewaka, umebaki na mdundo wa kinu cha jirani, na hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu wale waliobaki ni wale wasiopenda kuonekana. Unasimama mbele ya kichaka dakika kumi kwa ajili ya mlio mmoja.

Kwa nini mraba wa Ganze una thamani? Kwa sababu waangalizi wengi hurundikana penye hoteli na lami. Watamu, hori ya Mida, ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, hapo kila msimu kuna wageni wenye darubini za bei ya pikipiki. Ndani huko kwenye vumbi la bara nani ataenda? Ramani ikibaki tupu, anayeisoma Nairobi hawezi kujua kama hakuna ndege au hakuna mtu. Mtu wa Poland hawezi kumsaidia. Mpwa wangu anaweza, na hahitaji nauli.

Mfano hauko mbali. Kuna mnana mmoja wa manjano na nyeusi, wa misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha tu, ambaye Waingereza walimpa jina la Clarke na wengine humwita mnana wa Kilifi. Wanasayansi walimwandika mwaka 1913. Viota vyake vikaja kuonekana mwaka 2013, kwenye kinamasi cha msimu ndani ya Dakatcha, maji yalipokuwa yamejaa. Miaka mia nzima ndege anafahamika, ana jina la Kilatini, ana picha vitabuni, na hakuna kitabu kilichoweza kusema anataga wapi. Hakikuwa kitendawili cha maabara. Kilichohitajika ni watu kuwa mahali fulani matope yakiwa yamejaa.

Hiyo ni hesabu ya ndege. Tabia za ndege ni somo la pili, gumu zaidi, na ndilo lililoniteka mimi. Wafugaji wa Kiborana wa kaskazini mwa Kenya walikuwa wakisema tangu enzi kwamba kuna ndege anayewaongoza kwenye asali, na kwamba kwa mruko na mlio wake wanajua mzinga uko upande gani na uko mbali kiasi gani. Wasomi wengi waliyachukulia hayo kama hadithi. Hussein Isack, Mkenya, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, wakayapima. Matokeo yao ya mwaka 1989 yalionyesha kwamba mahali wasipopazoea, warina asali walihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga bila ndege, na saa 3.2 wakiwa naye. Mengi waliyosema Waborana kuhusu ishara zake yalithibitika. Baadaye, mwaka 2016, timu ya Claire Spottiswoode iliwafuata Wayao wa Niassa, Msumbiji, ambao humwita ndege huyo kwa mlio wa kutetemesha ulimi unaomalizika kwa mguno. Mlio huo ulipandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa Tanzania humwita kwa mluzi, na ndege wa kila mahali huitikia zaidi wito wa watu wa mahali pake.

Nilimsimulia mpwa wangu hili kwa sababu moja: swali zuri lilitoka kwa watu walioishi na ndege, si chuoni. Chuo kilileta saa na daftari.

Kuna mipaka, nisimdanganye mtu. Kumkamata ndege na kumvisha pete kunahitaji mafunzo na kibali. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, kazi hiyo imefanyika tangu 1969. Usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa za hoteli mlimani, wakashuka kwa wingi, na watafiti wanawangoja na nyavu. Kila mmoja hupimwa, huvishwa pete nyepesi yenye namba, na kuachiwa. Baadhi pete zao zimekuja kusomwa huko Urusi. (Taa ile ile inayomnyima mtazamaji nyota zake ndiyo inayompoteza ndege njia. Siku moja mtu aandike juu ya hilo peke yake.) Na msituni Arabuko-Sokoke kuna tembo. Usiingie peke yako alfajiri eti unafuata mlio wa bundi.

Kosa la huku hubaki na jina lako. Kidole changu kiliwahi kuteleza kwenye simu, nikamsajili ndege wa milimani katikati ya shamba la minazi. Siku chache baadaye nikapata ujumbe, wa adabu kabisa, ukiniuliza kama nina hakika. Niliona haya wiki nzima. Lakini hakuna aliyeumia.

Afya

Hapa nilimwambia mpwa wangu aweke kikombe chini.

Kwenye nyota unatazama vitu vya mbali. Kwenye ndege unatazama vilivyo karibu. Kwenye afya ya jamii unatazama watu, na wewe mwenyewe uko ndani ya kundi linalotazamwa. Damu iliyo kwenye kichupa inaweza kuwa ya mtoto wa dada yako.

Na faida zake hazina mfano. Katikati ya miaka ya 1990, vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa hapa Kilifi: maeneo yaliyopewa neti yakalinganishwa na yale ambayo zamu yao ilikuwa bado. Vifo vya watoto kuanzia mwezi mmoja hadi chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33. Utafiti huo na mwingine wa aina yake ndio uliozipa serikali hoja ya kugawa neti unazoziona leo hadi kwenye vitalu vya sukuma wiki. Halafu ikaja chanjo ya malaria. Jaribio kubwa la chanjo hiyo, iitwayo RTS,S, kati ya 2009 na 2014, lilikuwa na watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba. Kilifi ilikuwemo, na kwa upande wa Tanzania Bagamoyo na Korogwe. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne walipungukiwa na malaria kwa takriban asilimia 36 katika miaka minne. Si ngao kamili, lakini kwa ugonjwa huu ni jambo kubwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tarehe 6 Oktoba 2021, na miaka miwili baadaye likapendekeza ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Kilifi na Bagamoyo pamoja na Burkina Faso na Mali. Mama aliyembeba mwanawe mgongoni kwenda kudungwa ana sehemu yake katika tangazo lile, ingawa jina lake halikuandikwa.

Sasa, mtu wa kidato cha nne anaingilia wapi? Njia ni tatu hivi.

Ya kwanza ni kuwa mshiriki. Wengi huidharau, nami nadhani wanakosea. Tangu mwaka 2000 eneo la kilomita za mraba 891 kuzunguka mji wa Kilifi liko kwenye daftari la kudumu: wahoji hupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Zaidi ya watu robo milioni wamo. Bila hesabu hiyo huwezi kujua kama chanjo imepunguza vifo au watu wamehama tu. Kujibu kwa ukweli ni kazi ya utafiti.

Ya pili ni uwakilishi. Kituo kile kina wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe, wanaopeleka maswali na malalamiko kwa watafiti na kurudisha majibu. Ni kazi ya ulimi na uvumilivu. Pwani hii bado ina watu wanaosikia neno damu na kukumbuka mumiani, na kuwacheka hakujawahi kumtuliza yeyote.

Ya tatu ni ajira ya uhoji au usaidizi wa nyanjani. Hapa lugha ya nyumbani ni cheti. Anayeweza kueleza kwa Kigiriama, bila kutisha na bila kupamba, kwamba kitakachochukuliwa ni kijiko kimoja cha damu na si chupa, ana kitu ambacho profesa wa Oxford hana.

Nimemwona mhoji mzuri akifanya kazi. Alipiga hodi, akangoja nje ya ua hadi akaribishwe, akakaa kwenye kigoda cha chini kuliko cha mama mwenye nyumba. Karatasi ya ridhaa akaisoma yote. Mama aliposema "tia saini tu wewe mwanangu, nimekuelewa," akakataa, akamwomba amweleze yeye kwa maneno yake atakachofanyiwa. Mama akaeleza, akakosea pahali pamoja. Akarudia kusoma. Ndipo mama akaweka kidole gumba mbele ya shahidi. Nusu saa nzima, na hakuna swali hata moja la dodoso lililokuwa limeulizwa.

Usichoweza kufanya ni kujianzishia. Huwezi kuamka asubuhi ukaanza kupima watu sukari na kuandika namba daftarini ukauita utafiti. Lazima kamati ya maadili ipitishe, na Kenya kuna kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Tanzania wanapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Hata kazi inayoonekana nyepesi ina mlinzi. Katika bonde la Kilombero, Tanzania, ambako watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara wamewachunguza mbu kwa miaka mingi, kuna njia ambayo mtu hukaa usiku amekunja suruali hadi magotini, na tochi na kijibomba cha kufyonzea. Mbu akitua mguuni humulika na kumfyonza ndani ya kijibomba kabla hajauma. Kuna kitambaa cha wavu kinachomzuia asiingie kinywani. Wanaofanya hivyo wamekubali kwa ridhaa, wanapewa dawa ya kinga na kupimwa. Usijaribu kwenu.

Na nina dukuduku langu. Mradi mmoja, sitautaja, uliwahi kuja kijijini kwetu kuchukua vinyesi vya watoto. Wazazi walikubali, vikopo vikajazwa, gari likaondoka. Hatukuletewa hata barua ya kusema tulikuta minyoo au hatukukuta. Kwa hiyo ukialikwa kushiriki, uliza kabla ya kutia kidole: majibu yatarudi lini, na atayaleta nani?

Tukiyaweka bega kwa bega

Kwa fedha, nyota na ndege hazikulipi mwanzoni. Nyota zitakula bando. Ndege watakula viatu, na siku moja utatamani darubini ya macho mawili, ambayo si rahisi mfukoni. Usikimbilie kununua, miezi ya kwanza masikio yanatosha. Baadaye ndege wanaweza kukulisha, maana waongozaji wa wageni Arabuko-Sokoke na Mida wanaishi kwa kujua milio. Afya ndiyo pekee yenye mshahara tangu mwanzo, ukiipata nafasi, na nafasi zenyewe hugombewa.

Kwa muda, galaksi zinangoja. Unaweza kuziacha mwezi mzima. Ndege hawangoji: wageni wa kutoka kaskazini wapo kati ya Oktoba na Aprili hivi, na asubuhi iliyopita imepita. Afya ina ratiba ya wengine. Ukisema utafika Jumanne kwa mama fulani, fika Jumanne.

Kwa kosa, nimeshasema. Kwenye galaksi wenzako wanakufunika, kwenye ndege unaulizwa, kwenye afya unaweza kumwaga siri ya mtu ambaye utakutana naye sokoni kesho. Kijana mwenye mdomo mwepesi asiende huko, hata awe na alama A za bayolojia.

Kwa umiliki wa kazi: orodha ya ndege ina jina lako na unaweza kuiona kwenye ramani. Jibu lako la galaksi limo ndani ya mamilioni. Dodoso ulilojaza si lako kabisa, na haifai liwe lako.

Kwa hiyo ushauri wangu si sawa kwa wote. Unakaa ghorofani Mombasa, unatoka kazini saa mbili usiku, una intaneti? Chukua galaksi, usijitese. Wewe ni mwalimu mwenye maabara ya kompyuta shuleni? Kuna mpango wa kimataifa wa IASC unaowapa vikundi vya wanafunzi picha za anga watafute asteroidi, yaani miamba inayozunguka jua, bila malipo; sajili kikundi, ila kompyuta ziwe zinawaka kweli. Unahitaji kipato, unapenda watu, na unajua kunyamaza? Afya, na uanze kwa kujitolea na wahudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu ili watu wakuzoee. Unaishi mahali ambapo lami haijafika? Basi ndege, na sioni hata haja ya kufikiri mara mbili.

Mpwa wangu hakusema amechagua nini. Alilala, asubuhi akapanda matatu ya Ganze.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumtembelea mamaye. Saa kumi na mbili kasoro akanigongea dirisha, "Mjomba, twende." Tulizunguka shamba, tukashuka mtoni ambako hakuna maji, tukapandia kwa nyuma ya shule. Kijana anatembea na simu mkononi kama aliyezaliwa nayo, anaandika, anasimama. Karibu saa mbili kamili kukatoka mlio mmoja ndani ya mkwaju, mfupi, kama mtu anayepuliza juu ya chupa. Nikamwambia huyo ni ninga, andika.

Akasikiliza. Mlio haukurudi.

"Una hakika, mjomba?"

Nikasema ni kama ninga.

"Basi simwandiki," akasema, akazima kioo cha simu. Orodha ikafungwa na aina 31.